Rafiki Tusiyemjua Uso

Katika nyumba nyingi za siku hizi yako mabishano madogo ambayo hayapelekwi mbele ya wazee, walakini hurudi kila jioni baada ya chakula. Baba ameketi, simu mkononi, anacheka peke yake. Mama auliza: "Wacheka na nani?" Baba ajibu kwamba ni rafiki yake mmoja wa Mbeya, ambaye jogoo wake amepanda kiti cha mgeni akakataa kushuka. Rafiki tangu lini? Tangu miaka mitatu. Umepata kumwona? La. Waijua nyumba yake? La. Basi mama hutikisa kichwa na kusema kwamba huyo si rafiki, ni jina tu lililoandikwa juu ya kioo. Katika nyumba ya jirani mambo ni kinyume: mama ndiye mwenye marafiki wa kufuma vitambaa, waliotawanyika toka Bukoba hata Mombasa, na baba ndiye anayeuliza. Vijana hata hawaulizwi tena, maana wazee wamekwisha kuchoka.

Sisi hatutaki kumpa ushindi upesi mmoja wa hao wawili. Jambo wanalobishania ni kubwa kuliko simu iliyolileta. Je, mtu ambaye hatujapata kumwona, ambaye habari zake tuzijuazo ni vitu vidogo tu, yaani chai yake ya asubuhi, maua yake ya kwenye kopo, paka wake, goti lake liumalo wakati wa masika, aweza kuitwa rafiki kwa haki? Na kama ni rafiki, twawiwa naye nini? Neno rafiki si neno la kutupa ovyo. Anayemwita kila mtu rafiki, siku ya msiba hana neno lililobaki la kumwitia yule aliye rafiki kweli. Lakini anayemnyima neno hilo mtu anayelistahili, huyo naye adhulumu.

Wapo watakaosema kwamba swali hili ni jipya, la watoto wa mtandao. Si jipya. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoandika kazi yake juu ya maadili, yenye vitabu kumi, vitabu viwili vizima alivitoa kwa urafiki. Alitenga urafiki wa kupata faida, urafiki wa kupendezwa, na urafiki wa watu wema wapendanao kwa ajili ya wema wao wenyewe. Na huo wa tatu akasema ni wa nadra, wala hauzaliwi upesi. Alikumbusha mithali ya watu wa kwao, kwamba watu hawajuani mpaka wamekwisha kula chumvi pamoja. Nayo chumvi, kama ajuavyo kila mpishi, huliwa kidogo kidogo. Mpaka watu wawili wamalize kifuko kimoja, milo mingi imepita.

Kwa maneno hayo yaonekana Aristotle yu upande wa mama yule. Lakini tusome mbele. Asema kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, ila huuzuia usifanye kazi yake. Ubaya wake ni kwamba watu wakitengana muda mrefu, husahauliana. Tena, alipotaka kueleza kuishi pamoja ni nini, alisema kwamba kwa wanadamu ni kushirikiana maneno na mawazo, si kama ng'ombe, ambao kwao kuishi pamoja ni kulishwa mahali pamoja tu. Hapo twaona hoja yake yageuka mikononi mwetu. Siku zake, aliyekuwa mbali alikuwa kimya, kwa kuwa barua ilikwenda kwa bahati ya msafiri na merikebu kwa bahati ya upepo. Umbali na ukimya vilikuwa kitu kimoja. Leo vimetengana. Aweza kuwako mtu wa mbali tunayesemezana naye kila siku, na mtu wa karibu, wa meza moja, ambaye hatujasema naye neno la maana tangu Jumapili. Kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe, ni yupi kati ya hao tunayeishi naye, na ni yupi tunayelishwa naye mahali pamoja?

Twakuja sasa kwenye vitu vidogo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Husemwa: hao hawazungumzi jambo, ni jogoo, ni mboga, ni kitambaa, ni mvua. Hizo ni porojo. Walakini twadhani kwamba mzee wa pwani au wa bara, aliyelelewa vema, angeshangaa kusikia lawama hiyo. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Njema. Watoto je? Hawajambo. Mvua imenyesha huko? Imenyesha kidogo. Na bibi, mguu wake? Waendelea vizuri. Katika mazungumzo hayo yote hakuna hata neno moja ambalo gazeti lingelichapa. Lakini atakayeyaruka hayo na kuanza na haja yake, "Nimekuja kuazima shilingi elfu kumi," ataitwa mtu asiye na adabu, hata kama haja yake ni ya haki.

Tena angalieni jambo hili. Kwetu jibu la kwanza ni "njema" daima, hata nyumbani pakiwa na mgonjwa; ubaya hufuata nyuma: "Njema, ila mtoto alikesha na homa." Neno dogo hulitangulia neno kubwa na kulifungulia mlango. Mtu ambaye kwa miaka mitatu amewaambia wenzake habari za jogoo, siku atakapopaswa kusema, "Daktari ameniambia jambo baya," ana mlango wa kulipitishia neno hilo. Yule aliyengoja mpaka awe na jambo kubwa la kusema, hana mlango. Naye mara nyingi hukaa nalo ndani peke yake, akidhani kwamba hakuna wa kuambiwa, kumbe hakuna aliyezoeshwa kumsikiliza.

Hatusemi kwamba kila picha ya sinia la pilau ni urafiki. Iko tofauti kubwa kati ya kushirikisha na kuringa, na mtandao umeleta yote mawili katika mfuko mmoja. Anayeringa hangoji jibu, angoja sifa, wala haulizi, "Na wewe umekula nini?" Lakini tusiwapime wote kwa kipimo cha wenye kuringa. Hata msikitini na kanisani wapo waendao ili waonekane.

Wasomaji wetu wenye umri wajua kwamba nchi zetu zilikuwa na marafiki wasioonana kabla simu hazijaingia mifukoni. Twanena juu ya kadi za salamu. Msikilizaji wa redio alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali akaapo, kisha safu ya majina ya watu anaowasalimu, akaipeleka. Baada ya siku kadhaa mtangazaji akaisoma katikati ya nyimbo. Mwanzoni waliotajwa walikuwa jamaa na majirani. Kidogo kidogo wenye kadi wakaanza kusalimiana wao kwa wao, mtu wa Tanga na mtu wa Musoma, mtu wa Kisumu na mtu wa Malindi, waliojuana kwa majina yaliyosomwa hewani na kwa lakabu walizojipa wenyewe. Waungwana wa mijini waliwacheka: fedha ya kadi na ya stempu, kwa ajili ya kutajwa jina tu! Hata hivyo, Kenya na Tanzania, wapenzi hao wa salamu waliunda vyama vyao, wakapanga kukutana, wakatembeleana na kuchangiana katika magonjwa na misiba. Salamu tupu, isiyo na habari yo yote ndani yake ila jina, ilizaa watu waliokuja msibani. Sisi twaona kwamba historia hiyo haijapewa heshima inayoistahili, pengine kwa sababu waliyoitenda walikuwa watu wa kawaida, makarani, mafundi cherehani, wauza maduka, watu wa shamba.

Ng'ambo walikuwako kadhalika wapenzi wa redio za mawimbi mafupi, wenye kujiundia mitambo nyumbani. Novemba 1923 Léon Deloy, Mfaransa wa mji wa Nice, alipelekeana alama za Morse na wenzake wa Marekani, na hayo yakawa mazungumzo ya kwanza ya namna hiyo kati ya watu wa burudani tu, wa pande mbili za bahari ya Atlantiki. Desturi ya watu hao mpaka leo ni kupelekeana kadi baada ya kuongea. Kadi yasema jina la kituo, saa, mawimbi, na jinsi alama zilivyosikika. Basi. Nazo hutundikwa ukutani kama picha za jamaa.

Lakini urafiki wa namna hii una hatari zake, na hapa twapenda kukaa kidogo, maana mfano tulio nao ni wa watu wawili wakubwa. Mtakatifu Augustino alikuwa Hippo, mji ambao leo ni Annaba ya Algeria. Mtakatifu Yeronimo alikuwa Bethlehemu. Waliandikiana kwa miaka ipatayo ishirini na mitano, wala hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Barua ya kwanza, iliyoandikwa yapata mwaka 394 au 395, haikufika: mchukuzi wake alifanywa askofu kabla ya kuanza safari. Augustino aliandika tena, akibisha juu ya jinsi Yeronimo alivyoyaeleza mashindano ya Petro na Paulo huko Antiokia. Barua hiyo nayo ikapotea njia, lakini haikupotea kimya. Nakala zake zilisomwa Italia na watu wengine. Shemasi mmoja akaikuta nakala katika kisiwa cha bahari ya Adriatiki. Na Yeronimo akasikia kwa vinywa vya watu kwamba yuko kijana wa Afrika aliyeandika kitabu cha kumpinga. Wasomaji wanaoona jinsi maneno waliyomwandikia mtu mmoja yanavyosomwa kesho na watu mia hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Yeronimo alijibu kwa ukali. Alijiita askari mzee ambaye angepaswa sasa kuachwa apumzike, akamwonya mwenzake asimchokoze. Na katikati ya mambo hayo makubwa likaingia jambo dogo la mmea. Mwaka 403 Augustino alimwandikia kwamba katika mji wa Oea, ndio Tripoli ya leo, askofu mmoja alisoma kanisani tafsiri mpya ya Yeronimo ya kitabu cha Yona, na mahali pale ambapo watu walizoea kusikia mung'unye, wakasikia jina la mmea mwingine. Kukawa na ghasia, hata askofu akakaribia kuachwa na watu wake. Yeronimo akajibu kwa kirefu, akieleza mmea wenyewe, majani yake na kivuli chake, na kwamba Kilatini hakikuwa na jina lake. Wataalamu wengi wa siku hizi wadhani ulikuwa mbarika.

Twaona nini hapo? Twaona kwamba maneno yasiyo na uso huumiza upesi kuliko yaliyokusudiwa. Mtu akisema nawe ana kwa ana, macho yake hulainisha neno lake. Karatasi haina macho, wala kioo cha simu. Augustino alilijua hilo. Aliandika akiomba msamaha kwa neno lo lote lililomchoma mwenzake, akasikitika kwamba hawakai karibu waweze kusemezana. Wala hakuchoka. Mwaka 415 alimtuma kwake padre kijana, Orosius, aliyetoka Hispania, aende kwa niaba yake. Barua ziliendelea mpaka siku za mwisho za Yeronimo, aliyefariki yapata mwaka 420. Hatuwezi kuwaambia watu wawili waliogombana, wakasameheana, wakafundishana, wakasaidiana kwa robo ya karne, kwamba hawakujuana kwa sababu hawakupata kuonana. Tungekuwa twafanya macho kuwa mlango pekee wa moyo, na hapo vipofu wangekuwa na neno la kutuuliza.

Sasa twaja kwenye habari ya siku zetu. Mats Steen alizaliwa Norway mwaka 1989 na ugonjwa uitwao Duchenne, ambao huidhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka mtu hawezi tena kusimama wala kuinua mkono. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Saa zake nyingi, maelfu kwa maelfu, alikaa mbele ya kompyuta akicheza mchezo uitwao World of Warcraft, ambamo watu wa nchi nyingi huingia pamoja, kila mmoja na jina na umbo alilojichagulia. Yeye humo aliitwa Ibelin, mtu mwenye nguvu na mwendo. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, nao walihuzunika kwa sababu waliona kijana wao akizeeka peke yake, bila rafiki, bila kufaa mtu kitu. Alifariki Novemba 2014, umri wake miaka 25.

Mats alikuwa na ukurasa wa mtandaoni ambamo aliandika mawazo yake, na baba yake, Robert, alikuwa na neno la siri la kuufungua. Aliandika humo kwamba mwanawe amefariki, akaweka anwani ya kumwandikia, asijue kama yuko atakayesoma. Barua zikaanza kuja. Zilitoka nchi mbalimbali za Ulaya, kwa watu ambao wazazi hawakupata kusikia majina yao, nazo zilikuwa ndefu, za watu waliolia. Mmoja alieleza jinsi Mats alivyomsikiliza katika huzuni yake. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi alivyomshauri kumkaribia mwanawe, ambaye hakuweza kukumbatiwa, kwa njia ya mchezo huohuo. Baadhi yao walisafiri toka nchi jirani wakahudhuria mazishi huko Oslo. Chama cha wachezaji alichokuwamo kilikuwa kimehifadhi mazungumzo yao, maelfu ya kurasa, na mtengeneza filamu Benjamin Ree aliyatumia katika filamu iliyotoka mwaka 2024. Sehemu kubwa ya kurasa hizo ni vitu vidogo: salamu, utani, nani amechoka, nani amechelewa na kwa nini.

Wazazi wale hawakuwa wazembe, tusiwahukumu. Walitazama mahali ambapo sote tungetazama, yaani mlangoni, waone nani anabisha hodi. Hakuna aliyebisha. Hapo ndipo hoja ya mama yetu, "Huijui hata nyumba yake," inapotukwaza: waliomjua Mats hawakuijua nyumba yake, na wengi walioijua nyumba hawakumjua.

Atatokea mtu aseme: lakini aliwadanganya, alijifanya mwenye miguu. Neno hilo lastahili jibu. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi hakuwaambia wenzake ugonjwa wake, na alipoanza kuuandika ilikuwa miaka yake ya mwisho. Lakini kuficha si sawa na kudanganya. Mgonjwa hana deni la kumfunulia kila mtu kidonda chake. Ana deni la kutomtumia mtu kwa hila. Tapeli wa mtandaoni, ajitiaye askari wa ng'ambo au mjane tajiri, hafichi jambo ili apendwe kama mtu. Atunga jambo ili apate fedha. Tofauti yao haionekani katika mazungumzo ya siku ya kwanza, wala ya mwezi wa kwanza. Huonekana katika kile kinachoombwa. Kwa hiyo twawaambia vijana wetu, na wazee pia, maana wazee nao wameibiwa: mpeni rafiki asiyeonekana muda wenu na maneno yenu, lakini msimpe fedha, wala picha za aibu, wala siri ya mtu mwingine. Akikasirika kwa sababu hiyo, basi mmemjua.

Liko neno lililobaki juu ya waliomo nyumbani, nalo laweza kutuumiza zaidi. Yule baba anayecheka na mtu wa mbali, je, amemwambia mkewe habari ya jogoo kabla hajaulizwa? Hatumlaumu kwa kuwa na rafiki. Twamlaumu akimfanya rafiki kuwa chumba cha kujifungia. Tumewasikia watu wakisema kwamba ni rahisi kumwambia mgeni mambo ya moyoni kuliko kumwambia mwenzi, na ni kweli ni rahisi, kwa kuwa mgeni hatutamwona kesho asubuhi akiwa amekasirika. Lakini urahisi huo ni alama ya deni. Kitu kidogo cha kumchekesha mtu wa maili mia tano chaweza kumchekesha na aliye kiti cha pili, tena kwa gharama ndogo zaidi. Na huyo wa kiti cha pili naye aache kukiita kivuli kitu asichokiuliza. Amwulize mumewe: huyo rafiki yako ni mtu gani? Ana watoto? Jogoo ameshuka? Mabishano mengi ya jioni yangekwisha kwa swali la tatu, maana mume angeanza kusimulia, na mke angejikuta ana rafiki wa Mbeya.

Tulipouliza mwanzoni kwamba twawiwa nini na rafiki wa namna hiyo, jibu letu ni fupi kuliko swali. Twawiwa naye kuuliza anaponyamaza. Hilo ndilo linalomtenga rafiki na mtazamaji. Katika kundi la watu arobaini, mmoja aliyezoea kusema "Hamjambo" kila asubuhi akikosa siku tatu, yuko mtu aliyegundua? Na aliyegundua, ameandika? Mtazamaji hupitisha kidole chake juu ya kioo na kuona habari nyingine. Rafiki huona pengo. Pengo ni kitu kidogo kuliko vyote, hata hakina neno, tena ndicho kigumu kuonekana. Naye anayekiona kwa mtu asiyemjua uso amekwisha kufanya kazi ile ambayo Aristotle alidhani umbali huizuia.

Lakini pengo halijibiki lenyewe ikiwa aliyenyamaza ni marehemu na jamaa zake hawajui kwamba yuko mtu anayengoja. Katika familia nyingi liko daftari, au karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati, lenye namba za watu wa kuarifiwa yakitokea magonjwa au kifo: shangazi, kaka wa Mwanza, mkubwa wa kazi, mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina wa chama cha kuzikana. Twashauri mistari michache iongezwe chini yake. Kila mwenye marafiki wa mbali na aandike mwenyewe, angali mzima, majina yao kama anavyowajua, hata yakiwa ya utani, na namna ya kuwapata. Kama ni kundi, jina la kundi. Neno la siri la simu lisiandikwe hapo hadharani, bali mtu mmoja wa nyumbani aaminiwaye alijue. Kisha atakayepewa kazi ya kuwaarifu asione haya kuwaandikia wageni, wala asitafute maneno mengi. Jina la marehemu, siku aliyofariki, na mahali pa maziko vyatosha. Na kama ajua neno moja dogo juu yake, la bustani yake au la kitambaa alichokiacha nusu, aliandike pia, maana hilo ndilo watakalomtambulia.